Kwa nini mtoto mchanga hapimwi VVU kama mtu mzima?

Mama, kama unaishi na VVU na umejifungua, huenda umewahi kumuuliza muuguzi: "Kwa nini usimtoboe mtoto kidole, nikapata jibu leo leo?"

Kipimo cha haraka cha mtu mzima hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, na zinaweza kubaki mwilini mwake hadi miezi 18. Kipimo hicho kinaweza kusoma chanya wakati mtoto hana maambukizi.

Kipimo kinachomfaa

Huitwa PCR. Hutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe na kuvirudufu mpaka vionekane. Mmarekani Kary Mullis aliivumbua mbinu hii mwaka 1983, lakini ilihitaji maabara kubwa.

Karatasi ndiyo iliyoisogeza karibu na kijiji. Muuguzi hutoboa kisigino cha mtoto, hudondosha matone ya damu kwenye karatasi maalumu na kuyakausha. Damu iliyokauka husafirishwa bila friji hadi maabara, kama ile ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kwa hiyo mtoto wa Kilolo au Rungwe hupimwa kwenye zahanati ya karibu.

Kusubiri majibu bado ni kazi. Ndiyo maana wanasayansi kama Helen Lee wa Chuo Kikuu cha Cambridge wametengeneza mashine ndogo za kutumika kituoni. Kituo cha NIMR Mbeya nacho kilishiriki utafiti, Tanzania na Msumbiji, wa kupima watoto kituoni mara tu wanapozaliwa.

Mpeleke lini?

- Wiki ya 4 hadi 6. Unaweza kuunganisha na chanjo ya wiki ya 6.
- Miezi 9.
- Miezi 18, au baada ya kuacha kunyonya kama ataendelea kunyonya zaidi. Hapo ndipo jibu la mwisho hutolewa.

Muuguzi anaweza kupanga kipimo cha kuzaliwa pia.

Rudi kuchukua majibu

Bila dawa, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Akianza ARV mapema, hukua na kwenda shule kama wenzake.

Jibu likiwa hasi, usiache dawa zako, na mpe mtoto zake kama ulivyoelekezwa. Maadamu ananyonya, bado anahitaji kulindwa.

Bibi au shangazi anayelea mtoto, nawe chukua kadi ya kliniki umlete. Jibu ni siri yenu na muuguzi.