Chai ya Milimani na Moto wa Makaa

Wengi wetu twanywa chai kila siku, wala hatuulizi ladha yake yatoka wapi. Leo tutazame chai moja ya Wachina iitwayo ulongi, maana yake joka jeusi.

Ilistawi zamani katika milima ya Wuyi, jimbo la Fujian. Majani huanikwa mpaka yanyauke, kisha hutikiswa ili kingo zake zichubuke na kugeuka rangi. Ndipo hukaangwa yasigeuke zaidi. Kwa hiyo si chai nyeusi, wala si ya kijani.

Watu wa Fujian waliohamia kisiwa cha Taiwan, kilichoitwa Formosa, walichukua miche na ujuzi wao. Mwaka 1869 John Dodd, mfanya biashara wa Uingereza, na Li Chunsheng, msaidizi wake Mchina, walipeleka chai ya kisiwa hicho New York kwa merikebu mbili. Safari ilikuwa ndefu, na adui wa chai ni unyevu. Basi majani hukaushwa tena polepole juu ya makaa. Hivyo moto uliotakiwa kuwa mlinzi ukaleta pia ladha, kama ya nafaka iliyokaangwa.

Tangu miaka ya 1970 mashamba yamepanda juu zaidi, kama huko Alishan, kupita meta 1,000. Baridi na ukungu huyakawiza majani, nayo huwa manene na matamu, yenye harufu ya maua. Lakini moto ukizidi, harufu hiyo hupotea, na taabu ya msimu mzima ni bure. Kwa hiyo mchomaji hukesha akinusa majani yake, wala hana haraka.