Kuba Mbili za Isfahan

Katika mji wa Isfahan, nchi ya Uajemi, uko Msikiti wa Ijumaa, ambao msingi wake wa kwanza uliwekwa katika karne ya nane. Eneo lake lapita mita 20,000 za mraba, wala si kazi ya mtu mmoja. Watawala wa vizazi vingi walibomoa hapa, wakaongeza pale. Lakini atakaye kuzijua habari zake na aanze na kuba mbili, kwa maana hizo zilizaliwa na uadui.

Zamani za Sultani Malik Shah, waziri mkuu alikuwa Nizam al-Mulk, mzee mwenye nguvu kuliko wote barazani. Mwaka 1086 aliagiza kuba kubwa ijengwe upande wa kusini, mbele ya mihrabu, na jina lake likaandikwa humo pamoja na la Sultani. Taj al-Mulk, mtu wa baraza lile lile, alikitamani cheo hicho, wala hakuweza kustahimili. Mwaka 1088 akajenga kuba yake upande wa kaskazini, akaandika humo jina lake mwenyewe.

Hii ya pili ni ndogo, upana wake kadiri ya mita 10, na kimo mita 20. Hata hivyo wajuzi wengi wa ujenzi huisifu kupita ya kwanza, nami nakubaliana nao. Ni matofali matupu. Chumba ni cha mraba, na kuba ni duara. Je, duara litakaaje juu ya pembe nne? Fundi alitia tao katika kila pembe, nne zikawa nane. Juu yake akatia matao madogo, nane zikawa kumi na sita, ndipo duara likapata pa kukaa. Ndani ya kuba mbavu za matofali zapishana, zikifanya nyota ya ncha tano.

Wajenzi wenyewe hawakudumu. Nizam al-Mulk aliuawa mwaka 1092, akiwa safarini kwenda Baghdad, na Sultani akafa baada ya majuma machache. Taj al-Mulk akakipata cheo alichokitamani. Mwaka 1093 watumwa wa marehemu wakamwua.

Mwaka 1121 moto uliuharibu msikiti. Baadaye ua wake ulipata kumbi nne kubwa zilizo wazi mbele, mtindo ulioigwa Uajemi yote. Mwaka 1310 ukaongezwa mihrabu wa lipu iliyochongwa, kwa jina la mfalme Öljeitü, Mmongolia aliyebatizwa utotoni akaitwa Nikola, kisha akasilimu. Na katika vita vya Iraki na Uajemi, 1980 hata 1988, bomu lilibomoa sehemu moja, nayo ikajengwa tena. Kuba zote mbili zikabaki zimesimama, zikitazamana.