Njia ya Bububu: Majumba ya Shamba na Kumbi za Burudani za Unguja

Mwaka 1875 Sultani Barghash bin Said alialikwa Uingereza. Alikutana na Malkia Victoria, akatembezwa mijini, akajionea namna mabwana wa Kiingereza wanavyoishi shamba, mbali na moshi wa London, kila mmoja na jumba lake na bustani iliyozungushwa ukuta mrefu. Aliporudi Unguja alijenga jumba la Maruhubi, kilomita tatu hivi kaskazini ya Mji Mkongwe, likamalizika mwaka 1882. Bustani yake ya miembe nayo aliizungushia ukuta, na inasimuliwa kwamba wazo hilo alilitoa huko huko Uingereza.

Naipenda simulizi hiyo, lakini isitufanye tuamini kwamba Barghash alihitaji kuvuka bahari ili afundishwe kwenda shamba kupunga upepo. Jambo hilo alizaliwa akalikuta. Mwendo mfupi tu kutoka Maruhubi, ukizidi kwenda kaskazini kwa njia hiyo hiyo ya Bububu, kuna magofu ya Mtoni, na ukitaka kujua Unguja ilianzaje kustarehe nje ya mji, ni lazima uanzie pale.

Seyyid Said bin Sultan, baba yake Barghash, alijenga Mtoni mwishoni mwa miaka ya 1820, kabla hata hajahamishia makao yake Unguja moja kwa moja kutoka Maskati. Ndilo kasri kongwe kuliko yote ya ukoo wake kisiwani. Jina limetokana na kijito kinachopita hapo kwenda baharini. Tuna bahati moja ambayo majumba mengi ya pwani hayakuipata: binti aliyezaliwa humo mwaka 1844, Seyyida Salme, aliandika habari zake kwa mkono wake mwenyewe. Salme ndiye yule aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake.

Mtoni ya Salme haifanani kabisa na kuta nyeusi zenye ukoga anazozikuta mgeni leo. Anaeleza ua mkubwa uliojaa viumbe: paa, tausi, mbuni, bata, kanga, heroe. Watoto walikuwa wakiokota mayai yaliyotagwa huku na kule, hasa yale makubwa ya mbuni, wakampelekea mpishi mkuu ili awape tamutamu. Upande mmoja wa ua palikuwa na safu ya hamamu, na humo watu waliingia na kutoka usiku na mchana, wengine kuoga, wengine kusali, kulala, kusoma, au kupiga soga tu. Mbele ya nyumba, ukingoni mwa bahari, palikuwa na roshani pana ya duara, iliyoezekwa kwa mbao kama hema, ambapo Seyyid Said alipenda kutembea akienda na kurudi, kichwa chini, akiwaza. Kwa maelezo ya bintiye, siku nne za wiki alikaa Mtoni na zilizobaki akakaa Beit al-Sahel, mjini. Mtu mwenye dola iliyofika Maskati na ncha ya pwani ya Afrika Mashariki, na sehemu kubwa ya wiki yake aliitumia shamba! Hapo ndipo unapoona kwamba nyumba hizi hazikuwa za likizo. Serikali ilikuwa inapanda punda na kuhamia upepo ulipo.

Starehe hiyo ilikuwa na migongo iliyoibeba. Waliochota maji, waliofagia ua wa tausi, waliochuma karafuu zilizolipia yote hayo, walikuwa watumwa. Said ndiye aliyeshikilia karafuu zipandwe Unguja kwa wingi, na mashamba yalipotapakaa kuanzia Kizimbani hadi Bububu, matajiri wa mjini nao wakajenga nyumba zao mle. Shamba likawa duka na bustani kwa wakati mmoja. Msimu wa mavuno familia zilihamia huko na vijakazi na vyungu vyao, na kabla msimu haujaisha tayari walikwisha alikana nyumba hii na ile kwa karamu za siku kadhaa. Salme mwenyewe baadaye alikaa Bububu, kwenye nyumba ya ufukweni, na anaikumbuka kwa mapenzi makubwa kuliko makazi yake mengi ya mjini. Ukisimama Bububu jioni, majahazi yakipita, humlaumu.

Palikuwa na nyumba nyingine ya shamba ambayo iliingia katika historia kwa njia isiyo ya starehe. Upande wa Machui palikuwa na jumba la ukoo wa Seyyid Said lililoitwa Marseille, kwa jina la mji wa Ufaransa, maana Khalid bin Said aliyekuwa nalo alipenda mno mambo ya Kifaransa. Mwaka 1859, miaka mitatu baada ya Seyyid Said kufariki baharini, Barghash alijifungia humo na wafuasi wake akitaka kumpokonya kiti kaka yake Majid. Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, alikuwa upande wa waasi na ndiye aliyewaandikia barua. Wanajeshi wa majini wa Kiingereza walimsaidia Majid, mizinga ikalitia nyumba matundu, na Barghash akapelekwa Bombay. Alirudi baada ya miaka miwili hivi, na mwaka 1870 kiti alikipata kwa njia ya kawaida, Majid alipofariki.

Lakini tuifuate njia. Ukipita Bububu ukapanda bara, mashamba yanainuka mpaka Kidichi, na hapo juu pana hamamu ya Kiajemi iliyojengwa mwaka 1850. Nadhani ndiyo inayostahili zaidi safari ya siku moja, na huwa inapitwa haraka na magari ya watalii wa viungo. Seyyid Said aliijenga kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Fath Ali Shah. Alikuwa mwanamke aliyepanda farasi na kuwinda, jambo lililowashangaza wanawake wa kasri, na hatimaye ndoa ikavunjika akarudi kwao. Mafundi walichonga chokaa ya ndani kwa mtindo wa Uajemi: mitende, maua, ndege. Kwa ujenzi wa Waislamu wa Unguja, kumweka ndege ukutani hakikuwa kitu cha kila siku. Kuta hizo sasa zimekuwa kijivu na sehemu nyingine zimemeguka. Ingia taratibu, subiri macho yazoee giza, halafu tazama juu kwenye matundu ya kuba yanayoingiza mwanga. Usitoke kabla ya kuwaona tausi.

Maruhubi yenyewe ilikaa miaka 17 tu. Mwaka 1899 iliteketea kwa moto, na kilichobaki ni safu za nguzo nene zilizobeba roshani, sehemu ya hamamu, birika la maji lenye mayungiyungi na mabaki ya mfereji ulioleta maji kutoka chemchemi. Waongoza watalii hupenda kuwataja masuria wa Barghash, na kila mmoja ana idadi yake: wengi husema 99. Mimi huwa napunguza masikio hapo na kuziangalia nguzo. Mtoni nayo iliungua mwaka 1914, kisha katika vita vya kwanza vya dunia ikatumiwa kama ghala. Hakuna jeshi lililozipiga nyumba hizi mbili, tofauti na kasri la mjini lililopigwa mizinga na Waingereza mwaka 1896. Moto na kusahauliwa vilitosha.

Barghash alikuwa na jumba jingine kusini, Chukwani, na huko ndiko alikotia reli. Mwaka 1879 njia ya maili saba ilitandikwa kutoka kasri la mjini hadi Chukwani, mabehewa yakavutwa na baghala, na mwaka 1881 kikaletwa kichwa kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Reli nzima kwa ajili ya mtu mmoja kwenda kupumzika! Alipofariki mwaka 1888 iling'olewa ikauzwa chuma chakavu.

Reli ya pili ilikuwa ya watu, na kwangu mimi hapo ndipo historia ya matembezi ya Unguja inapogeuka. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilifungua reli ya maili saba kutoka mjini kwenda Bububu, njia ile ile waliyopita akina Salme juu ya punda weupe. Ngome Kongwe ndiyo iliyotumiwa kama karakana wakati wa kuijenga. Treni tano au sita zilikwenda na kurudi kila siku, ya mwisho ikirudi usiku sana. Ilibeba nazi, karafuu, mihogo, wachuuzi, wanawake waliokwenda harusini na watu waliotaka tu kubadilisha hewa. Kwa abiria wa meli zilizotia nanga bandarini kuliwekwa behewa maalumu la daraja la kwanza, waende wakaone minazi na warudi kabla meli haijapiga honi. Cheche za kichwa ziliwasha nyasi na mapaa ya makuti kando ya njia, na wenye nyumba walilalamika. Serikali iliinunua reli mwaka 1911, barabara zikatengenezwa, magari yakaingia, na mwaka 1922 abiria wakaambiwa basi. Kwa miaka 17, umri ule ule wa Maruhubi, mtu wa kawaida aliweza kulipa nauli akaenda kustarehe palipokuwa pa mfalme.

Mjini nako burudani ilikuwa inatoka ndani ya kuta za kasri. Inasimuliwa kwamba Barghash ndiye aliyemtuma Mohamed bin Ibrahim aende Misri kujifunza ganuni, ili arudi ampigie barazani, na huko ndiko taarabu ya Unguja inakotafutia mizizi yake. Lakini mwaka huo huo wa reli ya Bububu, 1905, vijana wa mjini walianzisha chama chao wenyewe, Ikhwani Safaa, wakanunua ala zao na kufanya mazoezi yao. Kikundi hicho kingali hai. Siti binti Saad alitoka shamba, Fumba, akiwa mchuuzi wa vyungu, akawa sauti iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928. Watu waliocheza ngoma nje ya lango la kasri ndio sasa walioimba na kusikilizwa ndani na nje.

Miaka ya mwanzo ya 1920 Vuga ilipata jumba la maonyesho na sinema, Royal, lililochorwa na Mwingereza John Sinclair, yule yule aliyeipa Unguja majengo mengi ya serikali yenye sura ya nusu Uarabuni. Liliungua miaka ya 1950 na mahali pake pakainuka Majestic, yenye mistari myepesi ya mtindo wa wakati wake. Kwa kizazi kizima kwenda sinema kulikuwa shughuli: nguo zimepigwa pasi, familia nzima inatoka, kabla ya filamu watu wanapita Forodhani. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na katika sikukuu za Idi milango ilizidiwa. Filamu za Kihindi na za Kimisri ndizo zilizotawala, na nyimbo zake zilipata maneno ya Kiswahili kabla wiki haijaisha. Ikiwa mtu ana wazee Unguja waliokuwa vijana miaka ya 1960, awaulize kuhusu Majestic, asiwaulize kuhusu Sultani. Watakaa naye mpaka magharibi.

Ngome Kongwe, karakana ya reli ya zamani, imekuwa mrithi wa yote. Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, juu ya mahali palipokuwa na kanisa. Ilikuwa gereza, ikawa karakana, mwaka 1949 ikapewa wanawake iwe klabu yao, na miaka ya 1990 ndani yake pakajengwa ngazi za mawe za nusu duara na jukwaa. Tamasha la filamu la nchi za jahazi, ZIFF, lilianza hapo mwaka 1998, na Sauti za Busara likafuata mwaka 2004. Wakati Beit al-Ajaib, jirani yake wa mwaka 1883, lilipoporomoka sehemu yake siku ya Krismasi ya 2020, ngome iliyo mzee kuliko yeye kwa karibu karne mbili iliendelea kuwasha taa za jukwaa.

Anayetaka kuipanga safari hii kwa siku moja aanzie mbali. Kidichi asubuhi, kabla jua halijapanda na kabla magari ya viungo hayajafika. Chakula cha mchana Bububu, samaki wa kupaka kama ukiwapata. Mtoni alasiri, kisha Maruhubi wakati mafundi wa majahazi kando ya magofu wanapokusanya zana zao. Nyumba ya Kibweni iliyo katikati ya njia, iliyojengwa mwaka 1915 zama za Khalifa bin Harub, itazame kwa mbali tu, ni ya serikali na picha haziruhusiwi. Daladala namba 502 zinafuata karibu njia yote ya reli ya zamani na nauli yake haimwumizi mtu. Ukirudi mjini tazama kama kuna onyesho Ngome Kongwe, na uchukue kanga ya kukalia, maana ngazi zile ni ngumu na taarabu ikianza haiishi mapema.