Mirerani: Mji Uliozaliwa na Jiwe

Katika kipindi kimoja cha rejesta za Kiswahili tuliandika ubaoni maneno "mji wa migodi" na kuwaomba wanafunzi watoe mifano. Mmoja wao, mkazi wa Cibitoke, akataja Cibitoke. Darasa likacheka. Cibitoke anayokaa yeye ni mtaa wa kaskazini mwa jiji la Bujumbura, wenye soko, baiskeli na Kiswahili cha kila rangi, lakini hauna mgodi hata mmoja. Cibitoke yenye dhahabu ni ile ya kaskazini-magharibi mwa nchi, upande wa Mabayi, ambako watu huosha mchanga wa mito wakitafuta chembe. Mwanafunzi alijitetea kwamba jina ni moja. Sisi tukaona kwamba darasa zima, pamoja na mwalimu wake, linajua machache sana kuhusu jinsi mji wa madini unavyozaliwa na unavyokula. Ndiyo sababu ya makala haya.

Mfano tuliouchagua ni Mirerani, wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara, nchini Tanzania. Msomaji ataliona jina hili likiandikwa pia Mererani na Merelani, na walimu wa fonolojia wasishangae: ni jina la Kimaasai lililopita katika masikio ya wengi kabla ya kufika kwenye karatasi. Tumeuchagua mji huu kwa sababu historia yake ni fupi na inaonekana yote. Mogok, mji wa rubi katika nchi ya Myanmar, umechimbwa kwa mamia ya miaka, na chanzo chake kimefunikwa na hadithi za wafalme. Mirerani ilikuwa malisho ya ng'ombe hadi mwaka 1967.

Mwaka huo ndipo mawe ya buluu yalipotambuliwa katika vilima hivyo. Nani aliyaona kwanza? Kwa miaka mingi vitabu vya nje vilimtaja Manuel de Souza, fundi cherehani wa asili ya Goa aliyeishi Arusha, ambaye alisajili eneo la kuchimba. Wengine walisimulia habari za mfugaji wa Kimaasai. Jumanne Ngoma naye alishikilia kwamba yeye ndiye mgunduzi, na Serikali ya Tanzania ilimtambua hivyo. Mwezi Aprili 2018 Rais John Magufuli aliagiza apewe shilingi milioni 100. Ngoma alikuwa mzee na mgonjwa, akafariki mwanzoni mwa mwaka 2019. Tunadhani anayefuga ng'ombe mahali fulani huyaona mawe ya mahali hapo mapema kuliko mtu yeyote, ila kuona ni jambo moja na kuandikwa daftarini ni jambo jingine.

Wataalamu walikuta kwamba jiwe hilo ni aina ya madini yaitwayo zoisaiti. Kampuni ya vito ya Tiffany ya New York, iliyotaka kuliuza Marekani, haikupenda jina hilo kwa kuwa katika Kiingereza linakaribia kusikika kama neno la kujiua. Mwaka 1968 ikaliita tanzanite, kwa heshima ya nchi lilikotoka. Kwa hiyo jina ambalo Mtanzania hulitamka kwa fahari, na ambalo magazeti ya Kiswahili huliandika kwa tahajia ya Kiingereza huku wasomaji wakilitamka "tanzanaiti", lilibuniwa dukani ng'ambo. Tuongeze kwamba mawe mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia, na rangi ile ya buluu na zambarau hupatikana baada ya kuchomwa kwa moto wa nyuzi mia kadhaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 migodi ilitaifishwa, na shirika la umma la madini, STAMICO, likapewa kazi ya kuiendesha. Uchimbaji wa siri haukukoma. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 vijana walikuwa wamemiminika vilimani kutoka pande zote za nchi, na mwaka 1990 serikali ikaligawa eneo katika vitalu vinne, A, B, C na D. Vitalu B na D walipewa wachimbaji wadogo. Kitalu C, chenye utajiri mkubwa, kilikwenda kwa kampuni, na kuanzia mwaka 2004 kikajulikana zaidi kwa jina la TanzaniteOne.

Hapo ndipo mji ulipoota, na hapa walimu wa lugha tunapaswa kutega sikio. Kijana anayeshuka shimoni huitwa mwanaapolo. Husimuliwa kwamba neno hili limetokana na vyombo vya Apollo vilivyompeleka binadamu mwezini mwaka 1969: anayeingia humo amekwenda safari ambayo kurudi kwake hakuna uhakika. Basi jiwe lilipewa jina na Wamarekani, na mchimbaji akajipa jina kutoka kwa Wamarekani haohao, ila kwa kejeli. Watoto wembamba waliotumwa kupenya kwenye mianya waliitwa nyoka. Mashimo mawili ya wamiliki tofauti yakikutana chini kwa chini, hiyo ni mtobozano, na mtobozano umeleta ngumi na kesi nyingi, hasa mwamba wenye madini ulipowaongoza wachimbaji wadogo hadi chini ya Kitalu C.

Uchumi wa shimo ulijengwa juu ya subira. Kwa desturi mwanaapolo hakulipwa mshahara. Mmiliki alitoa ugali na maharage, baruti na mashine ya kusukuma hewa. Mawe yakipatikana, kila mmoja alipata mgao wake, nao wa kijana ulikuwa mdogo. Mtu aliweza kuchimba mwaka mzima bila kupata kitu. Juu ya ardhi walikuwako madalali, wengi wao Wamaasai wenye shuka na jiwe ndani ya karatasi iliyokunjwa, kisha wafanyabiashara wa Arusha, kisha Nairobi na mji wa Jaipur nchini India, ambako mawe mengi yalikatwa na kung'arishwa. Mama lishe, muuza maji na fundi wa pampu walikula kutokana na shimo lilelile, na shimo likikauka wote walikopeshana.

Mashimo yameua. Mwezi Aprili 1998, wakati wa mvua za El Niño, maji yaliingia migodini na kuzamisha makumi ya watu. Mwaka 2002 karibu watu 40 walikosa hewa chini ya ardhi wakafa. Mwezi Machi 2008 mafuriko yalirudi, na zaidi ya 60 wakapotea. Mgodi wa kampuni uliokuwa jirani ulikuwa na vifaa ambavyo wachimbaji wadogo hawakuwa navyo, na hatuoni sababu ya kusema kwa upole kwamba tofauti hiyo ilipimwa kwa makaburi.

Mwishoni mwa mwaka 2001 gazeti moja la Marekani liliihusisha biashara hii na kundi la al-Qaeda. Tiffany wakaacha kuliuza jiwe kwa muda, na watu wa Mirerani waliokuwa hawajawahi kuiona New York wakalala njaa kwa sababu ya habari iliyoandikwa huko. Mapema mwaka 2002 serikali na wafanyabiashara walikubaliana utaratibu wa kuonyesha njia ya jiwe tangu mgodini, na soko likafunguka tena.

Magendo yalibaki. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza eneo lizungushiwe ukuta, na tarehe 6 Aprili 2018 akauzindua: kilomita 24.5 zilizojengwa na jeshi kwa miezi michache, zenye lango moja. Mapato ya serikali yalipanda. Lakini kila anayetoka langoni hupekuliwa, na upekuzi huo umelalamikiwa sana. Mwezi Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7. Picha yake ilienea duniani kote. Alipoulizwa atazifanyia nini fedha hizo, alizungumzia kujenga shule karibu na kwake.

Neno moja limebaki katika daftari letu. Magonga ni mabaki yanayotupwa baada ya mwamba kupasuliwa. Wanawake huyachekecha juani kutwa nzima wakitafuta vipande vilivyosahaulika, na kuviuza kwa madalali. Tuliwaomba wanafunzi wetu walitafute neno hilo katika kamusi za maktaba ya idara, na mpaka tunapoandika makala haya hakuna aliyelileta.