Asili ya Jedwali la Hashi

Husemwa mara nyingi ya kuwa jedwali la hashi liliuondoa mnyororo katika kompyuta, kama gari lilivyomwondoa punda njiani. Habari za miaka ya 1950 hazikubali hivyo.

Mnyororo ni orodha ambayo ndani yake kila jina huonyesha mahali lilipowekwa jina lifuatalo. Kuongeza jina ni rahisi; taabu ni kulitafuta, kwani hapana njia ila kuanzia mwanzo. Katika majina 10,000, jina lililomo hupatikana, kwa wastani, baada ya kulinganisha mara 5,000 hivi.

Mwezi wa Januari 1953 Hans Peter Luhn, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa mhandisi wa IBM huko Marekani, aliandika waraka wa ndani ya kampuni. Shauri lake lilikuwa kulifanyia hesabu jina lenyewe, na jibu liwe namba ya kasha la kulitia. Mwenye kutafuta huirudia hesabu ile ile, akaenda moja kwa moja kwenye kasha. Majina 10,000 yakienea sawasawa katika makasha 1,000, kila kasha litakuwa na majina 10 tu. Na majina hayo kumi yalishikanishwa kwa nini? Kwa mnyororo! Tena waraka ule ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa kuutumia. Lugha ya IPL ya Newell, Shaw na Simon, ambayo kwa desturi hutajwa kuwa chanzo cha minyororo, ilikuja baadaye, katika 1955 na 1956. Basi hawa si mzee na mrithi wake, bali ni pacha.

Wenzake Luhn wa mashine ya IBM 701, Amdahl na wengine, waliuacha mnyororo mwaka 1954: mahali pakiwa pamejaa, jina hutiwa katika nafasi tupu inayofuata.

Ugumu ulibaki katika kuchagua hesabu. Mwanafunzi wa Kiswahili huiona hatari upesi: hesabu ikitazama herufi za mwanzo tu, maneno ya m-, ki-, wa- na ku- yatasongamana katika makasha machache, na mengine yakae matupu. Watunga kamusi waliipunguza shida hii kwa kuorodhesha vitenzi bila ya ku-. Mashine haina busara hiyo, kwa hiyo ni lazima hesabu ipitie neno zima. Arnold Dumey, mwaka 1956, alishauri kuligawanya neno, likiisha kugeuzwa namba, kwa namba tasa na kuchukua baki.

Neno lenyewe, hashi, ni la jikoni kwa Waingereza, la kukatakata nyama. Halikuenea katika maandishi ya wataalamu mpaka mwisho wa miaka ya 1960.

Mwaka 2003 Crosby na Wallach walionyesha ya kuwa adui aijuaye hesabu aweza kuchagua majina yote yaangukie kasha moja, na jedwali likarudi kuwa mnyororo mmoja mrefu. Lugha ya Perl ilianza mwaka ule ule kuichanganya hesabu na namba ya siri. Python ilingoja mpaka 2012.