Kalamu ya Mshahara wa Wiki

Katika miaka ya 1880, George Safford Parker alikuwa akifundisha telegrafu katika mji mdogo wa Janesville, jimbo la Wisconsin, Marekani. Ili aongeze kipato, aliwauzia wanafunzi wake kalamu za kujaza wino za kampuni ya John Holland. Kalamu zile zilivuja, zikakwama, zikagoma kuandika, na aliyechafuka vidole alirudi kwa mwalimu aliyemuuzia. Parker akatafuta vifaa vidogo akaanza kuzitengeneza mwenyewe. Kadiri alivyozifungua ndivyo alivyoona pa kurekebisha, na mwaka 1888 akaanzisha kampuni yake.

Anayejiuliza leo kama kalamu ya kifahari inastahili fedha zake afadhali aanzie hapo Janesville kabla hajaingia dukani. Kwa zaidi ya nusu karne, bei ya kalamu nzuri ilikuwa malipo ya dawa ya kero fulani: kuvuja, kukauka, kuchafua nguo, kuchosha mkono. Kero nyingi zikaisha, bei haikushuka. Mnunuzi asiyejua ni lini mambo hayo mawili yaliachana anaweza kulipia kitu ambacho hakukusudia kukinunua.

Kero yenyewe ni ya kale. Katika karne ya 10, al-Mu'izz, khalifa wa dola ya Fatimiya, aliagiza kalamu inayobeba wino wake ndani, isiyohitaji kidau wala kuchafua mkono. Habari hiyo iliandikwa na kadhi wake, al-Nu'man. Lakini kalamu ile haikuenea. Kwa karne nyingi zilizofuata, Waislamu waliendelea kuchonga mwanzi na kuchovya, na ndivyo walivyonakili misahafu na tenzi waandishi wa Pate, Siyu na Lamu, kidau kikiwa ubavuni mwao.

Ugumu ulikuwa hewa. Wino ukitoka, hewa lazima iingie kujaza nafasi yake, na ikiingia vibaya, wino ama hugoma kutoka ama humwagika wote. Mwaka 1884, Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya kalamu ambayo mifereji yake myembamba chini ya nibu ilipitisha wino na hewa kwa utaratibu. Miaka 10 baadaye, Parker aliongeza mkia uliopinda kwenye kipande chenye mifereji hiyo ili ukiiweka kalamu wima mfukoni, wino uliobaki karibu na nibu urudi ndani badala ya kusubiri kumpaka mtu vidole. Akaupa jina la Lucky Curve. Ni kitu kidogo kwa macho, lakini shati jeupe la karani lilisalimika.

Bei zikapanda kadiri kazi ilivyokuwa bora. Mwaka 1920 kampuni ya Sheaffer ilitoa kalamu ya Lifetime kwa dola 8.75, ikiwa na dhamana ya maisha ya mnunuzi. Mwaka uliofuata Parker akaja na Duofold, kubwa na yenye rangi nyekundu ya kuelekea chungwa, kwa dola 7. Watu walinunua, kwa sababu zile za bei rahisi walishazijaribu.

Kisha ikaja Parker 51, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu hakuna kalamu inayoonyesha vizuri zaidi fedha ya mnunuzi ilikuwa inakwenda wapi.

Chanzo chake kilikuwa wino. Wino wa kawaida hukauka kwa kusubiri maji yake yapae, ndiyo maana kila meza ya ofisi ilikuwa na karatasi ya kukaushia. Wanakemia wa Parker walitengeneza wino wenye alkali kali uliozama ndani ya karatasi papo hapo, ukakauka huku mkono ukiandika. Lakini wino huo ulileta matatizo mawili. Uliishambulia selulodi, plastiki iliyotumika kwa miili ya kalamu za wakati huo. Tena ulikauka haraka hata kwenye nibu, hivyo mwandishi akitua kidogo kufikiri, kalamu ilikuwa imekwisha kuziba.

Jibu la tatizo la kwanza lilikuwa Lucite, akriliki mpya ya DuPont ambayo wino ule haukuiweza. Jibu la pili ndilo lililobadilisha sura ya kalamu: nibu ya dhahabu ya karati 14 ilipewa umbo la mrija mdogo, ikafunikwa karibu yote na ganda la plastiki, ncha tu ikichungulia. Nyuma yake waliweka kipande chenye mapezi mengi membamba ya kushika wino unaozidi, ili joto la mkono likiupanua usidondoke. Umbo ambalo wengi walilisifia kwa uzuri lilitokana na tabia ya wino. László Moholy-Nagy, mwalimu mashuhuri wa usanifu aliyekuwa akifanya kazi Chicago, aliisifu sana kalamu hiyo, na leo jumba la sanaa la MoMA la New York linayo moja katika hazina yake.

Ilikamilika mwaka 1939, mwaka wa 51 wa kampuni, na jina likatokana na hapo. Ilipoingia soko la Marekani mwaka 1941, bei yake ilikuwa dola 12.50. Kima cha chini cha mshahara kwa sheria ya Marekani wakati huo kilikuwa senti 30 kwa saa. Mtu wa kima hicho angefanya kazi saa 41 na ushee, yaani wiki nzima, ili ainunue kalamu moja, tena asile wala asilipe pango.

Hata hivyo iligombaniwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipoingia, serikali ilibana utengenezaji wa kalamu, na Parker ikageuza sehemu ya kiwanda kutengeneza vifaa vya silaha. Matangazo yaliendelea kuisifu kalamu ambayo madukani haikupatikana kwa urahisi, na uhaba ukazidisha hamu. Tarehe 7 Mei 1945, Wajerumani walisaini hati ya kusalimu amri mjini Reims, Ufaransa. Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika, akapigwa picha akiwa ameshika kalamu mbili zilizotumika, Parker 51, amezikutanisha kuwa herufi V, alama ya ushindi. Kuanzia hapo kalamu ile ilibeba heshima ambayo mwanakemia wa Janesville hakuichanganya katika chupa.

Wino ule mkali haukudumu sana. Baadaye kampuni yenyewe ilitoa mwingine uliopunguzwa makali. Mwaka 1948 ikabadilisha pia mfumo wa kujaza. Ule wa kwanza, wa pampu ya kusukuma kwa kidole, ulitegemea kiwambo cha mpira kinachooza. Mpya uliitwa Aerometric: kifuko cha plastiki angavu ndani ya ala ya chuma, unabonyeza mara chache kikavuta wino, na maelezo ya kujaza yamechorwa pale pale kwenye chuma. Vifuko vingi vya miaka hiyo vinavuta wino hadi leo. Kwa kifaa cha kila siku kilichopita miaka 70, hiyo ni sifa isiyohitaji tangazo.

Afrika Mashariki ilikutana na kalamu kwa ngazi. Katika shule nyingi za ukoloni, mtoto alianza na kibao, akapanda kwenye penseli, kisha akapewa kalamu ya kuchovya na dawati lenye tundu la kidau. Kalamu ya kujaza ilikuwa ya mwalimu, karani wa bomani, mfanyabiashara na mwanasheria. Ilikaa mfukoni mwa shati, kishikizo kikionekana, na mtu aliyekuja kuandikiwa barua alijua amfuate nani. Wapo wazee wenye kalamu za Parker zilizochorwa maneno ya kutengenezwa Uingereza. Hizo zilitoka kiwanda cha Newhaven, pwani ya kusini ya nchi hiyo.

Pigo lilikuja na goroli.

Mhungari László Bíró alipata hataza ya kalamu yenye goroli nchani mwaka 1938, akaiendeleza Argentina alikokimbilia kwa sababu ya vita. Tarehe 29 Oktoba 1945, duka la Gimbels la New York lilianza kuuza kalamu ya aina hiyo iliyotengenezwa na Milton Reynolds, na umati ukajaa. Bei yake ilikuwa dola 12.50, sawasawa na ya Parker 51. Nyingi zilivuja na kugoma, lakini wazo lilikuwa sahihi. Desemba 1950, Marcel Bich wa Ufaransa alileta BIC Cristal, iliyoandika vizuri na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kampuni ya BIC ilikwisha kutangaza kwamba imefikisha biki bilioni 100. Sina shaka kwamba biki imefanya mema kwa elimu ya Afrika Mashariki kuliko kalamu zote za dhahabu zilizowahi kutengenezwa, kwa kuwa ilimwezesha mtoto wa mkulima kufanya mtihani kwa kalamu ile ile anayotumia mtoto wa waziri.

Parker hawakulala. Mwaka 1954 walitoa Jotter, kalamu yao ya goroli, kwa dola 2.95. Kwa upande wa kalamu za kujaza, mwaka 1956 walileta Parker 61, iliyojiwekea wino yenyewe ukiisimamisha ndani ya chupa kwa upande wa nyuma. Ilishangaza watu, lakini wino ulipokaukia ndani, kuisafisha kulikuwa kazi ngumu. Kuijaza Parker 51 hakukumsumbua mtu, kwa hiyo mnunuzi wa 61 alilipia ponyo la ugonjwa ambao haukuwepo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo njia ilipogawanyika. Utengenezaji wa 51 ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya kuuzwa, kwa makadirio yanayokubalika, yapata milioni 20.

Watengenezaji wa kalamu za kujaza waliobaki waliuza hadhi, na waliojua kuiuza kuliko wote walikuwa Montblanc wa Hamburg, Ujerumani. Meisterstück 149 yao ni ya mwaka 1952: nene, nyeusi, nyota nyeupe kichwani, na nibu yenye tarakimu 4810, urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita. Kampuni ilipoingia mikononi mwa Dunhill mwaka 1977, hatua kwa hatua iliacha kalamu za bei nafuu, ikabaki na za kifahari. Leo 149 mpya inagharimu karibu dola 1,000 au zaidi. Ni kalamu nzuri kweli, na nibu yake kubwa ni raha kwa mwenye mwandiko mpana. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo inanunua nyota.

Hata dhahabu imepoteza hoja yake ya zamani. Ilitumika kwenye nibu kwa sababu wino wa zamani wenye asidi ulikula chuma. Siku hizi chuma kisichoshika kutu kinavumilia wino wa kawaida bila shida, na kinachogusa karatasi si dhahabu wala chuma bali chembe ya madini magumu iliyochomelewa nchani. Chembe hiyo ikisuguliwa vizuri, nibu ya chuma itateleza kuliko ya dhahabu iliyosuguliwa ovyo.

Parker yenyewe ilipita mikono ya Gillette, kisha Newell. Kiwanda cha Janesville kilifungwa mwaka 1999, na cha Newhaven kikafuata takriban muongo mmoja baadaye. Mwaka 2021 jina la 51 lilirudi sokoni, likiwa na kifuniko cha kuzungusha na vibomba vya wino vya kubadilisha. Nibu bado imefunikwa, lakini ule wino uliosababisha ifunikwe haupo tena.

Basi inafaa kununua? Kwanza mtu aangalie kazi yake. Anayeandika stakabadhi zenye karatasi ya kaboni anahitaji kalamu ya kukandamiza, na hiyo ni biki. Anayeandikia madaftari ya karatasi nyepesi ataona wino ukitokeza upande wa pili. Ila anayeandika kwa saa nyingi, mwalimu anayesahihisha, hakimu anayenukuu ushahidi, mwandishi wa riwaya, atapata faida ya kweli: kalamu ya kujaza haihitaji kukandamizwa, na mkono hauchoki upesi.

Huyo simshauri aanze na 149. Atafute Parker 51 ya Aerometric ya miaka ya 1950, ambayo ikiwa nzima mara nyingi hupatikana chini ya dola 150. Aangalie kama kifuko bado ni angavu na kinavuta maji, kama ganda la mbele halina ufa, kama kifuniko kinashika, na kama chembe ya nchani ipo. Aioshe kwa maji ya baridi tu. Spiriti hupasua akriliki. Atumie wino wa kawaida wa kalamu za kujaza, kamwe si wino wa kuchorea, na asiache ukaukie ndani. Asiyeweza kupata hiyo achukue Lamy Safari au kalamu rahisi ya Pilot yenye nibu ya chuma, aandike nayo mwaka mzima, kisha ndipo aamue kama anataka kulipa zaidi.