Kardinali Lavigerie, Ahmed Shafik na Watumwa wa Maniema

Siku hizi twasikia sana lawama mbili, katika redio na katika maongezi ya watu baada ya Misa. Ya kwanza yasema kwamba dini ya Kiislamu ndiyo mzizi wa mabaya fulani. Ya pili yamrudia msemaji mwenyewe: kwamba amejaa islamofobia, ndiyo kuuogopa na kuuchukia Uislamu, na kwa hiyo maneno yake yasisikilizwe. Wengi wadhani ugomvi huu umezaliwa Ulaya juzi tu. Sivyo. Hata neno lenyewe si changa: mwaka 1910 Mfaransa Alain Quellien alilitumia katika kitabu chake, akiwalaumu watu wa serikali yake katika Afrika ya Magharibi waliomwona kila Mwislamu kuwa adui. Na ugomvi una umri kupita neno. Ulipovuma mwaka 1888, watu waliosemewa habari zao walikuwa ni wa kwetu, wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare.

Mwaka ule Papa Leo XIII alikuwa ameandika barua juu ya utumwa, akampa Kardinali Lavigerie kazi ya kuwaamsha wakubwa wa Ulaya. Lavigerie alikuwa askofu mkuu wa Algiers na mwanzilishi wa Mapadre Weupe. Wanawe walikaa ng'ambo ya pili ya ziwa Tanganyika tangu mwaka 1879, wakamwandikia habari za watu wa Manyema walioletwa Ujiji wamefungwa minyororo. Tarehe 1 Julai 1888 alihubiri katika kanisa la Saint-Sulpice, Paris; mwisho wa mwezi akasema London, na tarehe 15 Agosti, Brussels. Watu walilia na kutoa fedha.

Je, alidanganya? Yafaa tujibu bila kuzungukazunguka, maana wako watu ambao leo wangependa tusiyataje mambo haya. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wenye bunduki wa wafanya biashara kutoka pwani waliwapiga wanawake na wauzaji katika soko la Nyangwe, kando ya Lualaba. Wengine walikufa kwa risasi, wengi walizama majini. Livingstone aliona kwa macho yake, akaandika kwamba Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Hao walikuwa watu waliokuja kuuza samaki na chakula. Mtu akitaja siku ile, si haki kumwambia kwamba anauchukia Uislamu. Anahesabu maiti.

Lakini Kardinali hakuishia katika kuhesabu. Aliulaumu Uislamu wenyewe, kana kwamba dini ndiyo iliyofunga minyororo. Hapo hotuba yake ilimfikia kijana Mmisri aliyekuwa mwanafunzi Paris, jina lake Ahmed Shafik. Ilimchoma moyo. Hakutukana wala hakurusha mawe, alikwenda kusoma. Mwishoni mwa mwaka 1890 na mwanzoni mwa mwaka 1891 alisoma jibu lake mbele ya Chama cha Jiografia cha Cairo, likatolewa kwa Kifaransa mwaka 1891, na baadaye kwa Kiarabu. Alisema hivi kwa ufupi: sheria ya Kiislamu haimruhusu mtu kuvamia kijiji na kukamata watu, mtumwa halali, kwa sheria ile, ni yule tu aliyetekwa katika vita halali ya dini, na kumwacha mtumwa huru ni tendo jema lililohimizwa. Basi waliokamata watu katika Afrika ya kati walivunja sheria yao wenyewe. Akawakumbusha Wakristu pia kwamba watumwa waliwahi kuwa nao.

Jibu hili lina nguvu. Lina na upungufu, na twausema kwa heshima. Yule mwanamke wa Nyangwe angefaidika nini kuambiwa kwamba aliyempiga amekosea sheria? Shafik aliilinda heshima ya dini yake mbele ya mabwana wa Cairo, na watu wa Maniema wakabaki kama mfano tu katika shauri la watu wengine. Kardinali naye, twakubali, aliwatumia hivyo hivyo mara kwa mara.

Sasa tutazame shauri hili kutoka Kasongo. Wale walioitwa Waarabu walikuwa nani? Tippu Tip, aliyeitwa kwa kweli Hamed bin Muhammed, alizaliwa Unguja. Lakini wengi wa watu wake hawakuwa Waarabu: walikuwa Wanyamwezi, watu wa pwani, na zaidi vijana wa huku huku waliotekwa, wakapewa nguo, bunduki, jina jipya na sala. Ngongo Lutete, ambaye vikosi vyake viliharibu nchi pande za Lomami, hakuwa Mwarabu; mwaka 1892 alihamia upande wa Wabelgiji, na mwaka 1893 hao hao wakampiga risasi. Tena, mwaka 1887 Mfalme Leopold II alimfanya Tippu Tip kuwa liwali wake wa Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mwaka mmoja tu kabla ya mahubiri ya Saint-Sulpice! Msalaba na mwezi mwandamo walikuwa wameshatia sahihi karatasi moja.

Vita vilikuja. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili, Kabambare mwanzoni mwa mwaka 1894. Daktari Hinde, aliyefuatana na jeshi la Dhanis, alistaajabu kuona Kasongo mashamba mazuri, mpunga na michungwa. Waliokuja kwa jina la kukomesha utumwa wakaanza, katika dola yao, kudai mpira kwa kiboko na bunduki. Leopold alikuwa Mkatoliki aliyebatizwa. Je, tuseme Ubatizo ndio uliokata mikono ya watu kule Equateur? Hakuna msomaji wetu atakayekubali, na ana haki. Basi kipimo hicho hicho tukitumie tunapomhukumu jirani.

Wale vijana waliotekwa walijiita Waungwana, maana yake watu huru. Lugha yao ikaitwa Kingwana, na sisi leo twasali Baba Yetu kwa lugha iliyotujia kwa njia ile. Wajukuu wao ndio wengi wa Waislamu wa Kasongo na Kabambare. Anayemtukana Mwislamu wa huku kuwa mwana wa mwuza watu, huenda anamtukana mjukuu wa mtu aliyeuzwa. Na ukoo ni mmoja: Wakristu wengi wa Maniema wana majina ya Saidi, Amisi, Shabani. Mtu wa Maniema aliyegombea urais mwaka 2018 aitwa Emmanuel Ramazani Shadary. Majina mawili ya kwanza yamekaa pamoja bila kupigana.

Maneno ya jukwaani yana matunda yake, hata msemaji akiisha kufa. Lavigerie alikufa mwaka 1892, lakini ile picha ya Mwislamu kama adui wa ustaarabu ilibaki katika ofisi za Wabelgiji. Shule zilizopata fedha za serikali zilikuwa za misioni. Shule za Korani hazikupata kitu. Mzazi Mwislamu alichagua: mtoto asome na pengine abatizwe, au abaki bila shule. Shule za serikali zisizo za dini zilianza kwa Waafrika mwaka 1954 tu. Hasara ile Waislamu wa Maniema waliibeba miaka mingi, na misioni yetu ilikuwa upande uliofaidika. Mtaguso wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, uliwataka Wakristu na Waislamu wayaweke nyuma magomvi ya kale na kutafuta kuelewana. Kuyaweka nyuma si kuyafuta vitabuni.

Hapa Salamabila twajua jinsi ilivyo rahisi kukosea kwa mbali. Kundi la Malaika lilipopigana karibu na machimbo ya Namoya, hata kampuni ya Banro ikasimamisha kazi mwaka 2019, mkubwa wa kundi aliitwa shehe. Msemaji wa mbali angeweza kuandika kwamba ni vita ya dini. Lililogombaniwa lilikuwa dhahabu, ardhi na kazi.

Huko Ituri ni vingine. Wapiganaji wa ADF wataja dini wanapoua, na usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 waliwaua watu zaidi ya 40 huko Komanda, wengi wao Wakatoliki waliokuwa wakikesha katika sala parokiani. Anayeuliza wauaji wale wanafundishwa nini, na nani anawafundisha, auliza neno la haki, wala asifungwe kinywa. Waislamu wenyewe wameuliza. Shehe Ali Amini wa Beni alizoea kuwakemea ADF mbele ya watu. Tarehe 1 Mei 2021 alipigwa risasi ndani ya msikiti mkuu wa mji, wakati wa sala. Ahmed Shafik alisema Cairo kwamba sheria yakataza. Shehe huyu alisema mahali ambapo wauaji walimsikia.